Nyasi Fupi, Taifa Refu

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, na wenyewe wanasema hilo ni kosa la ramani. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko wizara. Nimeishi humo kwa amani, kwa sababu tangu utotoni nilifundishwa kwamba serikali haikosei, na pale inapoonekana imekosea, ni mimi ndiye sijaelewa. Kwa hiyo msomaji akikuta mahali pasipoeleweka katika habari hii, asiilaumu serikali.

Mambo yalianza pale Mkuu wa Nchi, ambaye sote tulimwita Baba Mlezi, aliporudi kutoka ng'ambo. Huko alikuwa amekaribishwa chai kwenye bustani ya mwenyeji wake, na bustani hiyo ilikuwa na ukoka uliokatwa vizuri mno, umelala kama zulia jipya. Redio ilisema Baba Mlezi alivua viatu, akatembea juu yake, machozi yakamtoka. Siku aliyorudi alisimama kwenye ngazi za ndege akatazama majani yaliyoota hovyo kando ya uwanja, kisha akauliza kwa upole, "Hivi ndivyo tunavyoonekana?"

Kabla jua halijazama tulikuwa tumepata Wizara ya Ukoka na Mandhari ya Nyumbani. Ilikabidhiwa kwa Mheshimiwa Gaudensi Mapambo, ambaye awali alikuwa Waziri wa Maji mpaka maji yalipokwisha.

Mheshimiwa Mapambo alizindua wizara yake kwa hotuba ambayo nusu yake niliielewa. "Ndugu wananchi," alisema, "mgeni akija nchini hatazami sahani yako. Hatazami daftari la mwanao. Anatazama chini, aone anakanyaga nini. Nyasi fupi, taifa refu." Tulipiga makofi, na maneno hayo ya mwisho yakawa wimbo wa shule, yakachorwa kwenye vitenge.

Agizo lenyewe lilikuwa rahisi. Kila nyumba yenye uwanja unaotazama barabara iwe na ukoka, na ukoka huo ukatwe kwa mashine. Fyekeo lilipigwa marufuku kwa sababu liliwakumbusha watu umaskini, na umaskini serikali ilikuwa imekwisha kuufuta mwaka uliotangulia.

Nyumba iliyotazama barabara kuliko zote mtaani kwetu ilikuwa ya jirani yangu, Bwana Kornelio Mtawa.

Bwana Kornelio alikuwa mkuu wa stesheni ya reli enzi za treni. Treni zilipoacha kuja aliendelea kwenda kazini na kofia yake kwa muda mrefu, mpaka stesheni nayo ikaondolewa. Alikuwa mtu wa maneno machache sana. Ukimsalimia alijibu salamu, akakuuliza hali, akakaa kimya, na ukimya wake haukukera. Mkewe, Bi Perpetua, ndiye aliyekuwa na maneno. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na alikuwa na pumu. Siku za vumbi tulimsikia akikohoa mpaka kwetu. Binti yao, Edna, aliolewa mkoa wa mbali. Waliobaki nyumbani ni wao wawili na kiwanja chao kidogo mbele ya nyumba, ambacho Bwana Kornelio alikifyeka kwa mkono kila kilipohitaji, taratibu, na mkewe akiwa barazani anashona na kumwelekeza mahali aliporuka.

Afisa Ukoka wa Kata alifika asubuhi moja na rula mkononi. Aliitwa Tito Kisanduku, kijana mnadhifu aliyekuwa na adabu nyingi. Alipiga magoti, akapima nyasi, akasimama, akajifuta magoti.

"Shikamoo mzee," alisema. "Nyasi zako ni nzuri, ila zimekatwa kwa njia ya fedheha. Naomba fyekeo."

Bwana Kornelio akamletea fyekeo. Afisa akalifunga kwenye gazeti, kama mtu anayeficha kitu cha aibu.

"Sasa nitakata kwa nini?" aliuliza Bwana Kornelio.

"Kwa mashine, mzee. Zipo za umeme na zipo za petroli."

"Serikali inataka ipi?"

Afisa Kisanduku alitabasamu. "Hapo umenigusa moyo. Serikali haiingilii hiari ya mwananchi. Chagua unayoipenda. Ila ukichagua vibaya utawajibika."

"Na vibaya ni ipi?"

"Hilo hujulikana baadaye," alisema afisa, akaaga kwa heshima.

Maduka ya mashine yalikuwa mawili, yakitazamana barabara moja. La umeme lilikuwa la mke wa Waziri wa Umeme. La petroli lilikuwa la shemeji yake Waziri wa Mafuta. Mimi nilifurahi kuona jinsi familia za viongozi wetu zinavyojitolea. Bwana Kornelio aliniomba nimsindikize, nami nikaenda.

Katika duka la umeme tulipokelewa na muuzaji aliyevaa tai ya kijani. Alituonyesha mashine ndogo, nyepesi, unaweza kuibeba kwa mkono mmoja. "Haina moshi," alisema. "Haina oili ya kubadilisha, haina plagi ya kusafisha, haina kamba ya kuvuta mpaka bega liteguke. Unabonyeza, inanguruma kidogo kama paka, unakata. Kwa kiwanja kidogo, mzee wangu, huhitaji kingine."

"Inatumia waya?"

"Ipo ya waya, na ipo ya betri. Ya waya, uangalie usiukate waya wenyewe. Ya betri, unachaji kwa muda wa kunywa chai."

"Na kama hakuna umeme?"

Muuzaji alitafakari. "Hapo inategemea chai yako ni ndefu kiasi gani," alisema.

Lazima nieleze kuhusu umeme wa nchi hiyo, maana wageni huwa hawaelewi. Umeme wetu ulikuwa na utaratibu. Uliwashwa Baba Mlezi anapohutubia taifa kwenye televisheni, ili asiwepo wa kukosa hotuba, na ulizimwa matangazo yalipokwisha, ili upumzike. Wenye pasi za umeme walipiga pasi wakati huo. Wenye kuchaji simu walichaji. Watu walizipenda sana hotuba, na ndefu walizipenda zaidi.

Tulivuka barabara. Muuzaji wa petroli alikuwa mtu mnene mwenye sauti kubwa, na mashine zake zilifanana naye. "Hii ni mashine ya kiume," alisema. "Nyasi ndefu, nyasi mbichi, magugu, inakwenda tu. Huna haja ya waya wala soketi. Ndiyo, ina kelele. Ndiyo, ina moshi kidogo. Ubadilishe oili, usafishe chujio la hewa, usiache petroli ya zamani ndani ya tangi. Ukiitunza itakuzika."

"Petroli inapatikana?"

"Kwa misafara ya viongozi inapatikana kabisa," alisema muuzaji. "Wewe utaunganisha humo humo."

Bwana Kornelio aliporudi nyumbani alikaa barazani na mkewe, nami nikaalikwa kahawa. Walilizungumza jambo hilo kwa utulivu, kama watu wanaochagua jina la mtoto.

"Ya petroli ina moshi, Baba Edna," alisema Bi Perpetua. "Na mimi na moshi tunajuana."

"Ya umeme inataka umeme, Mama Edna," alisema mumewe. "Na umeme nao tunajuana."

"Bora kusubiri kuliko kukohoa."

"Basi ni ya umeme."

"Ya betri," alisema mkewe. "Ya waya utaukata. Nakujua."

Ili kuipata ile mashine, Bi Perpetua aliuza cherehani yake. Alisema macho yamechoka hata hivyo. Siku mnunuzi alipokuja kuichukua alikuwa jikoni, na hakutoka mpaka gari lilipoondoka.

Ilikuwa mashine nzuri. Tatizo lake lilikuwa dogo sana. Betri ilianza kuchaji hotuba ilipoanza, na hotuba ilipokwisha ilikuwa bado haijashiba, kwa maana mtaa mzima ulikuwa umechomeka vitu na umeme ulifika kwetu umechoka. Nyasi zikaendelea kukua. Afisa Kisanduku alipita na rula, akasikitika kwa adabu. Bwana Kornelio alirudi dukani, akabadilishiwa na ile ya waya, wakamwambia hiyo ina manufaa ya kufanya kazi papo hapo. Na kweli ilifanya kazi papo hapo. Ila papo hapo, maana yake, ilikuwa wakati Baba Mlezi anahutubia.

Kwa hiyo Jumapili moja, mtaa mzima ukiwa umeketi mbele ya televisheni, Baba Mlezi akieleza historia ya utoto wake, ndipo mashine ya Bwana Kornelio iliponguruma nje. Hakuwa na kiburi. Alikuwa akikata nyasi kama alivyoagizwa, kwa mashine aliyoruhusiwa, kwa umeme pekee uliokuwepo. Alikata nusu ya kiwanja, moja kwa moja, vizuri. Bi Perpetua alikuwa akimsogezea waya ili asiukate. Kisha gari likaja likamchukua.

Shitaka lake lilikuwa kutoa sauti sambamba na sauti ya Mkuu wa Nchi. Nilikwenda kumsikiliza. Mheshimiwa Mapambo mwenyewe aliongoza Baraza la Ukoka, akiwa amevaa joho la kijani.

"Mshitakiwa," alisema, "Baba Mlezi alipofika mahali anapoeleza jinsi alivyochunga mbuzi bila viatu, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakata nyasi, Mheshimiwa."

"Kwa nini usingekata wakati mwingine?"

"Wakati mwingine hakuna umeme, Mheshimiwa."

Mzee wa baraza aliyeketi kulia alijifanya anakohoa.

"Hakuna umeme," alirudia Mheshimiwa Mapambo, akitamka kila neno kana kwamba anasoma maandishi ya kigeni. "Andikeni kwamba mshitakiwa ameongeza kosa la pili." Kisha uso wake ukalainika, kwa maana yeye si mtu mbaya. "Lakini serikali hii ni mzazi. Hatukufungi. Ulipewa hiari, ukachagua vibaya. Sasa tunakuchagulia hiari nyingine. Utatumia petroli, na utakata nyasi wakati wowote, isipokuwa wa hotuba. Umesamehewa. Toa shukrani."

Bwana Kornelio alishukuru. Alipotoka nje aliniuliza kama nina panadoli.

Mashine ya umeme ilitaifishwa kama kielelezo. Ile ya petroli alipewa kwa mkopo wa lazima, akaisukuma akitembea kwa miguu kutoka mjini, kwa sababu madereva hawakukubali kuipakia. Bi Perpetua aliiangalia ilipofika getini.

"Ni kubwa kuliko kiwanja," alisema.

"Nitakata upepo ukielekea barabarani," alisema mumewe. "Wewe utafunga madirisha, ukae chumba cha nyuma."

"Na upepo ukigeuka?"

"Nitazima."

Kupata petroli kulikuwa na taratibu zake. Kubeba petroli kwenye dumu kulikatazwa kwa usalama wa raia, hivyo ilibidi chombo kinachotumia petroli kifike chenyewe kituoni. Bwana Kornelio aliisukuma mashine yake, akapanga foleni kati ya lori na teksi. Alipofika kwenye pampu, mhudumu alimuuliza namba ya usajili. Akarudi kutafuta namba ya usajili. Alipokuja na kibati cha namba kimefungwa kwa waya juu ya visu, askari wa trafiki alimsimamisha, akamuuliza taa za nyuma. Mimi niliona mambo hayo yote kuwa ni dalili ya nchi yenye mpango. Hatimaye akajaziwa tangi, na yule mhudumu, ambaye alikuwa mtu mwema, akamwambia kwa sauti ya chini, "Itumie taratibu mzee. Hii ilikuwa ya msafara."

Asubuhi iliyofuata alimfungia mkewe chumba cha nyuma, akaziba upenyo wa mlango kwa kanga, akalowesha kidole akapima upepo. Kisha akavuta kamba. Akavuta tena. Mashine ikakubali kwa kishindo, moshi wa buluu ukapanda.

Alikata mstari wa kwanza, upepo ukielekea barabarani. Alikata wa pili. Jirani wa upande wa pili naye akawasha ya kwake, na mwingine mbele yake, kwa sababu ilikuwa siku ya ukaguzi na wengi wetu tulikuwa tumehamishiwa kwenye petroli baada ya kesi ile. Moshi wa mtaa mzima haukuuliza upepo. Uliingia kila mahali.

Bwana Kornelio alizima yake. Zilizobaki ziliendelea. Aliingia ndani, na muda mfupi baadaye akanijia mbio, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia.

"Hapumui vizuri," alisema. "Naomba simu yako."

Tulipiga simu hospitali. Walisema gari la wagonjwa linakuja. Tulimtoa Bi Perpetua ndani tukamketisha barazani, akainama mbele, mikono magotini, kila pumzi ikitoka na mluzi. Midomo yake ilikuwa inabadilika rangi. Mumewe alimshika mgongo, akimwambia apumue polepole, naye akamtazama kama mtu anayetaka kucheka na hana hewa ya kucheka.

Gari la wagonjwa halikuja. Alikuja dereva wake, kwa miguu, anahema.

"Gari limeishiwa petroli pale kwenye mteremko," alisema. "Samahani sana mzee. Hapa mtaani kuna mwenye petroli?"

Bwana Kornelio aliisukuma mashine mpaka kwenye mteremko, tukainyanyua sisi watatu, tukalimwagia gari yale mafuta kupitia karatasi tuliyoikunja. Yalitosha. Gari likarudi nyumbani kumchukua, likamfikisha hospitali akiwa hai.

Daktari alikuwepo, na dawa ilikuwepo. Mashine ya kumvutisha mgonjwa mvuke wa dawa ilikuwepo pia, imefunikwa kitambaa cheupe. Nesi wa zamu, Dada Olivia, aliifunua akaichomeka ukutani, kisha akasimama pembeni yake.

"Jenereta je?" aliuliza Bwana Kornelio.

"Imeazimwa na Wizara ya Ukoka," alisema Dada Olivia. "Kwa maonyesho."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunasubiri Baba Mlezi azungumze."

Wadi ilikuwa imejaa watu wanaosubiri Baba Mlezi azungumze. Walikaa kwenye vitanda, sakafuni, kwenye korido mpaka nje, wenye vifua, wenye watoto wenye vifua, kila mmoja akitazama televisheni nyeusi iliyotundikwa juu. Kwa bahati nzuri ilikuwa siku ya ukaguzi, na siku kama hizo Baba Mlezi hakukosa la kusema. Adhuhuri televisheni iliwaka. Wadi nzima ilipumua kwa pamoja, wale walioweza. Mashine ikaanza kutoa mvuke. Dada Olivia akamfunika Bi Perpetua uso kwa kikombe cha plastiki cha mashine ile, na mluzi wa kifua ukaanza kupungua.

Baba Mlezi alianza kwa kuwashukuru wananchi. Bwana Kornelio alikuwa ameshika mkono wa mkewe, macho yake yako kwenye televisheni. Nilimwona akitingisha kichwa kila sentensi, akimhimiza, kama mtu anayemsikiliza mtoto wake akighani mbele ya watu na kuogopa asije akasahau. Nilifurahi sana kumwona amebadilika hivyo. Nikadhani ile kesi imemsaidia.

"Najua," alisema Baba Mlezi, "nimezoeleka kwa hotuba ndefu. Washauri wangu wameniambia kwamba nyasi fupi zinataka hotuba fupi. Kwa hiyo leo nawatakia kazi njema."

Wimbo wa taifa ukapigwa, ubeti wa kwanza tu. Televisheni ikazimika. Mvuke ukakatika.

Dada Olivia alibadilisha mkao wa mgonjwa, akamchoma sindano, akampepea kwa jalada la faili. Aliyafanya yote anayoweza mtu kuyafanya kwa mikono. Bi Perpetua alifariki kabla ya jioni, akiwa ameegemea bega la mumewe.

Msiba ulikuwa mkubwa, maana alishonea watoto wa mtaa mzima. Edna alikuja na mumewe. Wanaume tulikaa nje kwenye mikeka, na siku ya pili Afisa Kisanduku alifika, akatoa pole, akaketi nasi kidogo, kisha akamsogelea mfiwa na kumwambia kwa sauti ya huruma kwamba mikeka inalaza ukoka. Tukahamia barabarani.

Watu walipotawanyika na Edna kurudi kwake, Bwana Kornelio alitoka nje akaketi chini kwenye kiwanja chake, akaanza kung'oa nyasi kwa mkono. Hakuzikata. Alizing'oa na mizizi, shada kwa shada, akizikung'uta udongo na kuziweka kando. Nilimpelekea chai. Aliipokea, akashukuru, akaendelea. Siku nyingi alifanya hivyo, kutoka asubuhi mpaka mgongo unapokataa, na nilipomuuliza anapanda nini akasema hapandi kitu. Alipomaliza, kiwanja kilikuwa udongo mtupu, mwekundu.

Niliogopa kwa ajili yake. Afisa Kisanduku alikuja, akapiga magoti, akaweka rula. Alibaki pale chini muda mrefu.

"Mwongozo," alisema hatimaye, kama mtu anayejishauri, "unasema kadiri nyasi zilivyo fupi ndivyo zilivyo bora. Hausemi lazima ziwepo." Akainuka, uso wake unang'aa. "Mzee, nyasi zako ni fupi kuliko zote nchini."

Hivyo ndivyo jirani yangu alivyopata Nishani ya Ukoka ya Taifa.

Sherehe ilifanyika kwenye uwanja mkubwa na ilirushwa na televisheni moja kwa moja, kwa kuwa Baba Mlezi mwenyewe alihudhuria. Sisi mtaani tulikaa ndani kutazama. Mheshimiwa Mapambo alimsifu Bwana Kornelio kuwa mwananchi aliyejaribu umeme, akajaribu petroli, na mwisho akavuka vyote. Baba Mlezi akamvisha nishani. Kisha wakampa maikrofoni aseme asante.

Bwana Kornelio alitazama taa za uwanja, zote zinawaka. Akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Namshukuru Baba Mlezi," alisema, na watu wakapiga makofi. "Wengi wananiuliza mashine gani ni bora. Nitaeleza kidogo."

Akaanza kueleza. Alieleza mashine ya umeme kuanzia kitufe chake, akaeleza waya, jinsi ya kuuvusha begani usiingie kwenye visu, akaeleza betri na namna ya kuihifadhi pasipo joto. Alizungumza kama alivyokuwa akitangaza treni, polepole na wazi. Walinzi walipomsogelea alisema, "Haya yote ni kwa busara za Baba Mlezi," na walinzi wakalazimika kusimama na kupiga makofi kama wengine. Akaingia kwenye petroli. Oili, plagi, chujio la hewa, sababu za kamba kugoma. Mheshimiwa Mapambo alimnong'oneza kitu. Bwana Kornelio akasema Mheshimiwa amemkumbusha fadhila nyingine ya Baba Mlezi, makofi yakaanza upya. Akaeleza kiwanja kidogo na kiwanja kikubwa, nyasi za mabondeni na nyasi za milimani, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Mke wangu alimaliza kupiga pasi nguo zetu zote, akaanza mapazia. Mimi, kwa kweli, nilikereka kidogo. Niliona ule unyenyekevu wake umekwisha, amependa maikrofoni kama watu wengine wakipata cheo. Sauti yake ilianza kukauka, akaomba maji, akanywa akiwa bado ameshikilia maikrofoni, akaendelea.

Jua lilikuwa linashuka Baba Mlezi alipoinuka kwenye kiti chake na kuondoka. Umeme ukakatika hapo hapo. Alichosema Bwana Kornelio baada ya hapo hatukukisikia.

Hakurudi mtaani. Nyumba yake ilifungwa kufuli, na kiwanja kikamiminiwa saruji na kupakwa rangi ya kijani, kazi safi kabisa. Baada ya muda likatoka agizo kwamba wananchi wanaotoa shukrani wafanye hivyo kwa kuinamisha kichwa.

Mwezi uliopita kifua kilinibana, nikaenda hospitali ile ile. Dada Olivia alikuwepo. Alinitambua, akaniuliza kama nina habari za yule mzee wa reli. Nilimwambia sina, nikaongeza kwamba alikuwa mtu mzuri ila siku ile alizungumza mno.

Dada Olivia aliangalia korido, watu waliokuwa wamekaa chini mpaka getini.

"Siku ile," alisema, "tulimaliza foleni yote."

Kisha akanionyesha nafasi, nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni, nami nikaenda nikakaa chini.